Bakuli Chini ya Blanketi: Kumuaga Dada Pyo Gil-ja

Leo, Ijumaa tarehe 28 Februari, Dada Pyo Gil-ja anarudisha ufunguo wa kile kigari cheupe na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika Ushirika wa Wakazi wa Bonde la Seokgol. Aliajiriwa kuuza maboila ya mafuta. Anaondoka akiwa mshauri mkuu wa joto la nyumba, yaani mtu aliyerudi kwenye nyumba zilezile kuwaambia watu walewale wayang'oe maboila aliyowauzia yeye mwenyewe. Sijui mwingine aliyefanya kazi mbili zinazopingana hivyo, tena kwa mdomo uleule, na bado akaalikwa kwenye harusi za watoto wa wateja wake wote.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Noh Pil-gyu wa mabomba, kazi ya kuandika haya kwa sababu nimekaa naye gari moja kuliko mtu mwingine yeyote. Wameniomba niandike kwa adabu na nisitie chumvi. Adabu nitajitahidi. Ama chumvi, anayemfahamu Dada Gil-ja anajua kwamba hahitaji kuongezewa.

Alipoanza kazi, karibu kila nyumba bondeni ilikuwa ikichoma makaa, yale ya duara yenye matundu. Moto uliingia chini ya sakafu upande wa jikoni, ukapita chini ya chumba chote, moshi ukatokea upande wa pili. Raha yake sote tunaikumbuka: mgongo sakafuni, theluji nje. Lakini tunakumbuka pia kuamka alfajiri kubadilisha makaa, na kumwaga majivu njiani ili watu wasiteleze kwenye barafu, na ile hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo kila majira ya baridi ilibisha hodi kwa mtu. Gil-ja, wakati huo msichana mwembamba aliyevaa buti za kiume kwa kuwa stoo haikuwa na za kike, alikwenda mlango kwa mlango akisema kwamba boila la mafuta halimuui mtu usingizini. Alikuwa anasema kweli, na watu walinunua.

Ana tabia yake moja ambayo wageni huishangaa. Akiingia nyumba yoyote, salamu hazijaisha, keshavua buti, kapiga goti na kuweka kiganja sakafuni asikie joto lake. Alifanya hivyo hata kwenye harusi yangu. Mama mkwe wangu alidhani ameangusha hereni, naye akapiga magoti kumsaidia kuitafuta. Wakatambaa wote wawili hadi chini ya meza ya keki.

Mteja wake mmoja wa mwanzo alikuwa kijana wa shamba la tufaha kule kilimani, Bong Hak-cheol. Boila lake, jipya la kung'aa, liliharibika wiki ya kwanza. Wiki ya pili likaharibika tena. Kila mara Gil-ja alipanda kilima na sanduku lake la spana, akakuta nati ileile imelegea. Mwishowe akamuuliza fundi mkuu wetu wa zamani, "Boila gani hili linalolegea nati kila Jumamosi?" Yule mzee akamtazama, akasema, "Binti, boila halina mikono. Hebu mtazame mwenye nyumba." Jumamosi iliyofuata alipanda kilima bila spana. Walioana tufaha zilipochanua, na tangu siku hiyo boila lile halijaharibika tena. Msilisahau boila hilo, tutalirudia.

Miaka ikaenda. Mto wetu ukaanza kuchelewa kuganda. Wazee wa chama cha uvuvi wa barafu, waliozoea kukaa katikati ya mto kutwa nzima na vigoda vyao na chupa zao za pombe ya mchele, wakajikuta wamekaa ukingoni wakiyatazama maji. Tamasha la uvuvi likaahirishwa, na mwaka uliofuata likaahirishwa tena. Ushirika ukaitisha mkutano na kukata shauri: hatuuzi tena mafuta. Tutafunga pampu za joto, mashine zinazokaa nje ya nyumba na kuvuta joto lililomo hewani, hata hewa ya baridi, zikalipeleka kwenye maji yanayozunguka chini ya sakafu. Umeme wake, kadiri jua litakavyoturuhusu, ungetoka kwenye paneli tulizoweka juu ya maghala ya tufaha. Lilikuwa shauri zuri. Ikabaki kujua nani atakwenda kuwaambia watu, na ukumbi mzima ukamgeukia Gil-ja.

Lahaula, mapokezi aliyoyapata!

"Wewe mwanamke," alimwambia mama mmoja wa pale darajani, mikono kiunoni, "mwaka ule uliniambia makaa ni sumu, ninunue mafuta. Leo mafuta ndiyo sumu, ninunue upepo. Kesho utaniletea nini, kivuli?"

"Mama yangu, mtoto akikua si hubadilishiwa viatu?"

"Vyangu bado vinanitosha."

"Basi nipe chai ya shayiri, nakufa baridi."

Akapewa chai. Nilikuwa nje kwenye gari, na chai ile ilichukua mchana mzima. Aliporudi alikuwa na mfuko wa viazi vitamu na ahadi ya kusikilizwa tena Jumanne. Leo nyumba ile ya darajani ina pampu, na yule mama ndiye anayewasimanga majirani wanaochelewa kufunga yao.

Alikuwa akituambia sisi wa ofisini, "Usianze na mbingu. Anza na miguu ya mtu, mbingu itakuja yenyewe." Ndiyo maana hakuna nyumba mbili zilizosikia maneno yaleyale. Penye mtoto mchanga alizungumzia harufu ya mafuta inayong'ang'ania nguo za mtoto hata zifuliwe vipi. Kwa babu mmoja aliyekuwa akipandisha madumu ya mafuta kwenye ngazi zenye barafu hakutoa hotuba yoyote. Alinyanyua dumu moja, akalishusha, akasema, "Pole sana, Babu." Babu akakubali kabla ya mwezi kwisha. Wale wazee wa uvuvi aliketi nao ukingoni, akayatazama maji pamoja nao, kisha akawauliza wajukuu wao watavulia wapi. Na mabahili wetu, ambao sitawataja ingawa wanajijua na wamekaa safu ya tatu, aliwakumbusha kwamba watu wakigombana nchi za mbali bei ya mafuta hupanda hapa Seokgol, lakini hewa yetu haina mwenyewe. Safu ya tatu, msijifanye mnatafuta miwani.

Lakini kazi iliyomfanya awe Gil-ja tunayemjua ni ile ya nyumba ya Bibi Guk Sun-im, kule juu njia inapokwisha.

Bibi Guk ni mjane aliyekula chumvi nyingi, na hakuwahi kununua hata boila la mafuta. Alibaki na makaa yake. Mwaka 2017, baridi ilipoanza tu, jirani aliyempelekea figili alimkuta amelala kizingitini, soksi mguu mmoja, hajui asubuhi wala jioni. Ilikuwa ile hewa ya sumu. Alipona, kwa kuwa alijikokota hadi mlangoni na kuufungua. Lakini wanawe wakasema basi, imetosha. Mkubwa wao, Seong Chang-uk, anayefanya kazi Incheon, alimpigia simu akamwambia kwamba Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi atakuja na masanduku kumchukua wakaishi wote, ghorofa ya kumi na nne.

"Na mitungi yangu?" Bibi Guk alimuuliza. Ana mitungi ya udongo uani, ya soya na ya pilipili, mingine aliikuta kwa mama mkwe wake.

"Mama, soya ipo dukani."

Neno hilo "dukani" lilimuumiza kuliko hewa ya sumu. Alitusimulia akilia, mimi na Gil-ja tukiwa tumekaa mlangoni pake. "Mwanangu ni mtu mwema," alisema. "Ataniua kwa huo wema wake. Mimi nimezaa katika nyumba hii, nimezika kutoka nyumba hii. Nikafanye nini hewani kama njiwa?" Jambo likawa moja tu. Nyumba ipate joto salama kabla ya Mwaka Mpya, naye abaki. Isipopata, aende.

Ungedhani angeipokea pampu kwa mikono miwili. Wapi! Gil-ja alimweleza kwamba sakafu itakuwa na joto pole, kote, saa zote, bila moshi wala majivu. Bibi Guk akasikiliza, kisha akauliza:

"Kote sawasawa?"

"Kote, Bibi. Pembe hadi pembe."

"Sasa mgeni nitamkalisha wapi?"

Gil-ja, kwa mara ya kwanza katika historia, akakuna kichwa. Maana ni kweli. Sote tumelelewa na kona ya joto, ile ya upande wa jikoni moto unapoingilia. Hapo hukaa mkubwa wa nyumba. Hapo mgeni huvutwa kwa mkono wa koti hata akatae namna gani, na wadogo hukaa upande wa mlango kwenye baridi wakingoja umri wao. Na hapo, chini ya blanketi, ndipo linapowekwa bakuli la wali la yule ambaye bado yuko nje.

"Marehemu akitoka mgodini, wali wake ulikuwa hapo," Bibi Guk alisema. "Watoto wakirudi kutoka shule ya mbali, hapo. Nyumba isiyo na kona ni hoteli. Kama ni hoteli, afadhali Incheon."

Tulirudi ofisini, nikawasimulia wenzangu, tukacheka hadi mbavu zikauma. Gil-ja hakucheka. Alinirushia penseli. "Ukimaliza kucheka, nichoree kona," alisema. Nikachora. Mabomba ya upande wa jikoni tuliyasogeza karibukaribu kama tambi bakulini, na kuelekea mlangoni tukayaachanisha. Maji ni yaleyale, mashine ni ileile, lakini kona inapata zaidi. Haukuwa uvumbuzi wa ajabu, ni futi na penseli tu, ila hakuna mmoja wetu ambaye angeliwaza kama yeye asingerudi na hasira zake.

Tukavunja sakafu. Bibi Guk alihamia kwa jirani, lakini kila siku alikuja kutusimamia akiwa na fimbo yake. "Hapo umepinda, wewe kijana." Kijana mwenyewe ni mimi, mwenye mvi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, tukamaliza, tukamwaga saruji, ikakauka, tukawasha.

Sasa akatangaza mtihani. Alitoa bakuli la shaba la marehemu mumewe, lenye kifuniko. Asubuhi angeweka wali moto, akalifunika kwa blanketi pale konani. Jioni wali ukiwa na joto, anabaki. Ukiwa wa baridi, atakwenda Incheon kwa miguu yake mwenyewe, na Ushirika wachukue mashine yao wakalale nayo.

Siku ya kwanza wali ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Sakafu nayo vivyo hivyo. Gil-ja alitambaa chumba kizima na kiganja chake, uso umemshuka. Kisha akaenda kwenye swichi. Ilikuwa imezimwa.

"Bibi, nani amezima?"

"Mimi. Nilikuwa kwa jirani tunakunja unga wa mandu za nyama, za sikukuu."

"Kwa nini uzime?"

"Nani anapasha joto nyumba tupu? Hata panya watanicheka!"

Msimcheke Bibi Guk, maana huo ndio ugonjwa wetu bonde zima. Tumelelewa kubana. Ukitoka unazima, ukirudi unakoroga moto hadi mwisho. Kwa mafuta tulizoea hivyo na tukaona tunaokoa. Pampu haitaki hivyo. Inataka kwenda taratibu bila kusimamishwa. Ukiizima kutwa, sakafu inapoa hadi chini, na kuirudisha ni kazi ya usiku kucha na umeme mwingi kuliko uliodhani umebana. Nusu ya malalamiko yanayofika ofisini mpaka leo dawa yake ni moja: usiguse swichi.

Gil-ja alimweleza hayo yote kwa utaratibu. Bibi Guk akaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kesho yake tukakuta amezima. Mwaka Mpya ulikuwa mlangoni, Chang-uk keshapiga simu kusema amepata masanduku makubwa. Gil-ja akaketi chini kama aliyechoka, akanusa kutoka jikoni.

"Bibi, hiyo ni supu ya mifupa?"

"Ya mifupa ya ng'ombe. Ya Mwaka Mpya."

"Ukienda kwa jirani, unaizima?"

"Nizime supu? Una wazimu? Supu ya mifupa haizimwi. Moto mdogo, unaiacha, unaiacha, mpaka itoke rangi ya maziwa."

"Na mtu akiizima, akaiwasha, akaizima, akaiwasha?"

"Atakunywa maji yenye..." Bibi Guk akageuza shingo. Akaitazama sakafu. Akamtazama Gil-ja. "Kwa hiyo hii ni supu."

"Hii ni supu, Bibi."

"Ebo! Mbona hukusema tangu mwanzo? Kutwa unanieleza habari za mashine!"

Hata hivyo Gil-ja hakumwamini, na mimi pia sikumwamini. Siku moja kabla ya Mwaka Mpya, siku ambayo Chang-uk alikuwa anakuja, tulifika asubuhi. Gil-ja akakaa chini ya swichi, upande wa mlango. Bibi Guk aliweka wali kwenye bakuli la shaba, akafunika, akalisukuma chini ya blanketi pale konani. Chang-uk alikuwa afike saa sita mchana. Lakini mnaijua barabara ya kutoka Incheon siku hiyo, nchi nzima imo ndani yake. Saa sita ikapita. Tukala mandu. Mchana ukapita. Kila Bibi Guk alipokaribia swichi, mkono ulimwasha.

"Bibi, supu."

"Najua! Nafuta vumbi tu."

Chang-uk aliingia jua likishuka nyuma ya mlima, akipuliza vidole, mkewe nyuma yake, na kwenye gari masanduku matupu yamepangwa hadi dirishani. Mama yake aliinuka. Alimvuta kwa mkono wa koti, akamkalisha konani, akafunua blanketi na kumpa bakuli. Chang-uk alilipokea kwa mikono miwili, akabaki amelishika. Nilimtazama Gil-ja. Alikuwa na kiganja sakafuni.

"Mama," Chang-uk akasema. "Bado una joto."

"Ulifikiri nini? Kama umechelewa, wali ufanyeje?"

Akaula wote, mtupu, bila kitoweo. Kisha akajinyoosha palepale, koti mwilini, akalala mdomo wazi. Mkewe akatunong'oneza kwamba hajamwona akilala hivyo tangu waanze kulipia ile ghorofa. Bibi Guk akamfunika, akaketi kando yake, akatugeukia. "Haya, nani anakwenda Incheon?"

Sikukuu ilipokwisha, masanduku yaliyoletwa kumhamisha mama yalirudi mjini yamejaa kabichi za kimchi na soya, gari limeinamia nyuma kwa uzito. Bibi Guk hakuhama. Hadi leo yuko kwake, na mitungi yake iko uani. Nilifurahi siku ile kama niliyefaulu mtihani mimi mwenyewe.

Kabla hatujaondoka, Bibi Guk alimvuta Gil-ja kwa mkono akamkalishe konani apate chakula. Gil-ja alikataa, kama alivyokataa katika kila nyumba tangu aanze kazi. "Niko kazini, Bibi. Mimi ni mtu wa mlangoni." Bibi Guk akakasirika kweli. "Basi nisikilize. Siku utakapoacha kuzurura kwenye baridi, bakuli hili litakungoja wewe." Gil-ja akacheka, akavaa buti zake.

Baada ya hapo simu hazikukatika. Watu hawakuuliza mashine inafanyaje kazi. Waliuliza, "Mnafunga pamoja na kona?" Leo kwenye michoro yetu yote imeandikwa rasmi Kona ya Gil-ja. Nyumba moja tumeiwekea mbili, kwa kuwa mume na mke walishindwa kukubaliana nani mkubwa. Mabonde ya jirani yametuma watu kuja kuangalia, wakakalishwa konani, wakasinzia, wakarudi kwao kutoa taarifa nzuri. Mto bado unaganda unapotaka, na Dada Gil-ja mwenyewe amekataza tusijisifu kwamba bonde moja limeugandisha. Ila harufu ya mafuta imeondoka mitaani kwetu, na tangu siku ya Bibi Guk ile hewa ya sumu haijambishia hodi mtu yeyote wa Seokgol.

Harufu ya mafuta imeondoka kwa waliotusikiliza, nataka kusema. Kwa maana mganga hajigangi. Nyumba moja kule kilimani, kwenye shamba la tufaha, iliendelea kuchoma mafuta, na ni nyumba ya Gil-ja mwenyewe. Alishawishi bonde zima akashindwa na mume wake. Bwana Bong alikuwa na hoja moja tu: "Boila hili ndilo mshenga wetu. Mshenga hatupwi." Gil-ja alimletea kila sababu aliyowahi kuwapa wengine, za miguu na za mbingu. Bwana Bong alizikubali zote, akaongeza maji ya chai, akasema tena, "Mshenga hatupwi." Kwenye mikutano ya mabonde, watu walipomuuliza mshauri mkuu kwake anatumia nini, alikohoa akaomba swali linalofuata.

Novemba iliyopita Bwana Bong alikuja karakana peke yake, kofia mkononi. "Pil-gyu, nataka tuling'oe."

Nikamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi. Miaka yote hii anakagua sakafu za watu. Anarudi wa mwisho, miguu kama barafu, mimi nawasha boila akiingia, na likija kupata moto yeye keshalala. Sasa anastaafu. Sitaki aje kukaa kwenye sakafu inayomwambia ngoja."

Dada Gil-ja, hapa naomba uketi vizuri, maana unaisikia habari hii sasa hivi pamoja na wageni wote. Ile safari ya kisiwani Jeju kwa dada yako tuliyokupa mwezi huu haikuwa zawadi yenyewe. Tulitaka usiwepo. Ndiyo maana asubuhi hii dereva alikuleta ukumbini moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, na kila ulipoomba kupitia nyumbani akakuambia gari lina pancha. Tumevunja sakafu yako upande wa jikoni. Mumeo amebeba mchanga mwenyewe na mgongo unamuuma, usimwambie nimesema. Pampu iko nyuma ya ghala, imewashwa tangu Jumatano na haijazimwa. Mshenga hakutupwa. Tumemsafisha, amesimama kwenye lango la shamba, na Bwana Bong atapanda maua ya krisanthemumu ndani yake. Nati nimeikaza mimi mwenyewe, kwa usalama.

Utaona viti viwili vitupu mstari wa mbele. Kimoja ni cha mumeo. Tulimruhusu atoroke hotuba zikianza, maana ana wali wa kupika, na kwenye kupika wali tunamwamini kuliko kwenye nati. Kingine ni cha Bibi Guk. Asubuhi alishuka kutoka kwake amebeba kitu kizito ndani ya kitambaa, akasema hana haja na sherehe. Yuko nyumbani kwako, analinda swichi ili Bwana Bong asije akabana umeme. Tulimwambia akae konani, yeye ndiye mkubwa kuliko sote bondeni. Amekataa. Amekaa upande wa mlango, kwenye baridi, na anasema hatoki hapo mpaka mwenye kona afike.

Kwa hiyo, Dada yetu, ahsante. Ahsante kwa kila mlango uliobisha, kwa chai zote ulizokunywa ili watu wakusikilize, na kwa kunirushia ile penseli. Tunakutakia siku ndefu, afya, tufaha tele na miguu yenye joto. Hotuba zilizobaki tutazisikiliza sisi. Wewe nenda. Ukifika, buti ziache mlangoni, na usipige goti, wala kiganja usikiweke sakafuni, tumeshakagua. Pita hadi konani ukae. Bakuli liko chini ya blanketi, na wali bado una joto.